Zoezi Haliishii Kwenye Jibu

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu na ninyi wanafunzi mliokuja na madaftari, habari za mchana. Nawashukuru waandaaji kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya hisabati diskreti, yaani hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: namba nzima, hatua, chaguzi, mpangilio. Nimechagua mada tatu ambazo mara nyingi hufundishwa kwa kufuatana: algoriti za pupa (algoriti ni utaratibu wa hatua za kutatua swali), ukuaji wa fanksheni, na hesabu za moduli, yaani za mabaki ya kugawanya. Wanafunzi wengi huzisoma kana kwamba hazijuani. Wanamaliza moja, wanafunga daftari, wanafungua nyingine. Leo nataka tuone kwamba zinaulizana maswali yaleyale: njia hii ni sahihi daima, au imebahatika tu? Na kama ni sahihi, itachukua hatua ngapi? Mwanafunzi anayepata jibu na kupiga mstari chini yake kabla ya kujiuliza hayo ameliacha zoezi katikati. Shikeni kalamu, maana nitataka mhakiki kila namba nitakayoitaja.

Tuanze na pupa. Algoriti ya pupa, kila inapofika kwenye uamuzi, huchukua kinachoonekana bora wakati huohuo, na haigeuki nyuma kurekebisha. Zoezi lake maarufu ni la sarafu. Umepewa thamani za sarafu, umepewa deni, na unatakiwa ulilipe kwa sarafu chache iwezekanavyo. Pupa inasema: chukua sarafu kubwa kuliko zote isiyozidi deni lililobaki, kisha rudia mpaka deni liishe.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Katika hisabati kuna wakati msemo huo unasimama na kuna wakati unaanguka, na kazi yetu ni kujua ni lini.

Chukueni sarafu za 1, 5, 10 na 25, na deni la 30. Pupa inatoa 25, halafu 5. Sarafu mbili, na hakuna njia iliyo bora zaidi. Sasa ondoeni sarafu ya 5. Pupa inatoa 25 tena, lakini deni la 5 lililobaki halina wa kulilipa ila sarafu za 1, hivyo jumla ni sarafu sita. Na hali sarafu tatu za 10 zingetosha! Algoriti ni ileile, deni ni lilelile. Tumegusa mazingira tu na usahihi umetoweka. Mfano mfupi zaidi ni wa sarafu za 1, 3 na 4. Kwa deni la 6, pupa inatoa 4, 1 na 1. Mtu aliyetulia anatoa 3 na 3.

Kwenye mazoezi mengi mambo huishia hapo: "Toa mfano unaoonyesha kwamba pupa inakosea." Ni zoezi zuri, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko mazoezi kumi ya kukokotoa, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi kuiwinda kasoro. Lakini swali la upande wa pili ni gumu zaidi. Nikikupa mfumo wa sarafu na ukajaribu madeni mengi bila kuona kosa, utajuaje kwamba kosa halipo mbele zaidi? Madeni hayana mwisho. Huwezi kuyajaribu yote.

Dexter Kozen na Shmuel Zaks walilijibu swali hili katika kazi waliyoichapisha mwaka 1994. Chukua mfumo wowote wenye sarafu ya 1 na wenye sarafu tatu au zaidi. Walithibitisha kwamba ikiwa pupa inakosea mahali popote, basi deni dogo kabisa inalokosea limebanwa kati ya mipaka miwili. Ni kubwa kuliko thamani ya sarafu ya tatu kutoka chini ukiiongezea 1, na ni dogo kuliko jumla ya sarafu mbili kubwa kabisa. Rudini kwenye 1, 3 na 4. Sarafu ya tatu ni 4, ukiongeza 1 unapata 5. Sarafu mbili kubwa ni 4 na 3, jumla 7. Deni lililo zaidi ya 5 na chini ya 7 ni 6 peke yake. Mtego wote ulikuwa mahali pamoja, na tayari tumeuona. Kwa 1, 10 na 25 tunatafuta kati ya 27 na 34, na 30 imo. Kwa 1, 5, 10 na 25 inatosha kupima madeni kuanzia 12 hadi 34. Yakipita yote, mfumo huo ni salama kwa deni lolote duniani. Angalieni kilichotokea: swali lisilo na mwisho limekuwa kazi ya nusu saa kwa kalamu.

Kuna mahali ambapo pupa haihitaji kupimwa hata kidogo, kwa sababu tunaweza kuithibitisha moja kwa moja. Una ukumbi mmoja na mihadhara mingi, kila mmoja na saa yake ya kuanza na ya kumaliza. Unataka kuingiza mihadhara mingi iwezekanavyo bila kugongana. Uchague kwa kigezo gani? Mwanafunzi mmoja atasema unaoanza mapema. Huo unavunjika haraka: mhadhara mmoja ukianza asubuhi na kuchukua siku nzima, umewafungia wengine wote mlango. Mwingine atasema mfupi kuliko yote. Wekeni mhadhara wa saa 1 hadi 5, wa saa 6 hadi 10, na mfupi wa saa 4 hadi 7. Ule mfupi unagongana na yote miwili. Ukiuchukua umepata mmoja badala ya miwili. Kigezo sahihi ni unaomalizika mapema kuliko yote.

Kwa nini? Sikilizeni hoja hii kwa makini, kwa kuwa mkiishika mtaitumia maisha yenu yote ya hisabati. Chukua ratiba yoyote iliyo bora kabisa, hata usiyoijua ilitoka wapi. Utazame mhadhara wake wa kwanza. Mhadhara huo hauwezi kumalizika kabla ya ule uliochaguliwa na pupa, kwa sababu pupa ilichagua unaomalizika mapema kuliko yote. Basi uondoe, uweke wa pupa mahali pake. Hakuna kitakachogongana, kwani ukumbi umekuwa wazi mapema vilevile au mapema zaidi. Idadi haikupungua. Kwa hiyo ipo ratiba bora inayoanza kwa chaguo la pupa. Sasa ifanye hoja hiyohiyo kwa mihadhara inayoanza baada ya hapo, na uendelee mpaka mwisho. Hoja hii ya kubadilishana haikutaja mhadhara wowote kwa jina wala saa yoyote kwa namba, na ndiyo maana inashika kila mahali.

Sasa tuje kwenye zoezi ninalolipenda kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndani yake mada zote tatu zinakutana.

Wamisri wa kale waliandika sehemu nyingi kama jumla ya sehemu zenye kiasi (namba ya juu) 1 na asili (namba ya chini) tofauti: nusu, robo, moja ya ishirini, na kadhalika. Kwa mfano, 4/5 ni 1/2 + 1/4 + 1/20. Je, kila sehemu iliyo chini ya 1 inaweza kuandikwa hivyo? Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliieleza njia ya pupa mwaka 1202: toa sehemu kubwa kuliko zote yenye kiasi 1 isiyozidi uliyo nayo, kisha fanya hivyo kwa kilichobaki. Mwaka 1880 James Joseph Sylvester aliirudia njia hiyo na kuichambua.

Tufanye pamoja kwa 5/121. Gawanya 121 kwa 5: unapata 24, baki 1. Kwa hiyo 1/24 ni kubwa mno, na 1/25 inaingia. Toa: 5/121 ukiondoa 1/25 inabaki 4/3025. Gawanya 3025 kwa 4: 756, baki 1. Kwa hiyo inaingia 1/757, na kinachobaki kina kiasi 3 juu ya 2,289,925. Ukigawanya asili hiyo kwa 3, baki ni 1 tena. Inaingia 1/763,309, na kiasi kinachobaki ni 2. Asili mpya ni namba witiri, kwa hiyo ukiigawanya kwa 2 baki ni 1 tena. Inaingia 1/873,960,180,913, na kiasi kinachobaki ni 1. Tumefika.

Mmekiona kiasi kinavyoshuka? 5, 4, 3, 2, 1. Huo ndio uthibitisho kwamba njia hii lazima ikome, na si kwa 5/121 tu. Ukiwa na a/b, gawanya b kwa a, upate q na baki r. Kama r ni sifuri, sehemu yenyewe ni 1/q na kazi imekwisha. Kama si sifuri, pupa inachagua 1/(q+1), na kiasi kipya ni a(q+1) − b, ambacho ukikifungua kinakuwa a − r. Kwa kuwa r ni angalau 1, kiasi kipya ni kidogo kuliko a. Namba nzima zilizo juu ya sifuri haziwezi kushuka milele. Kwa hiyo pupa inafika, na haichukui hatua zaidi ya a. Kila hatua iliamuliwa na baki, yaani na hesabu ya moduli. Kwa 5/121 baki lilikuwa 1 kila mara, ndiyo maana kiasi kilishuka kwa 1 tu kila mara na safari ikawa ndefu kadiri ilivyowezekana.

Basi pupa ni sahihi na ina hatua chache. Tumemaliza? Hapana, tazameni asili. Ya kwanza ina tarakimu 2. Ya pili tarakimu 3. Ya tatu 6. Ya nne 12. Ya tano, ambayo sikuisoma, ni 1,527,612,795,642,093,418,846,225: tarakimu 25. Idadi ya tarakimu inakaribia kujirudufisha kila hatua, kwa sababu kila asili mpya inakaribia ile ya nyuma ikizidishwa kwa yenyewe. Na wakati huohuo, 5/121 hiyohiyo ni sawa na 1/33 + 1/121 + 1/363. Hakikini: geuzeni zote ziwe na asili 363, mpate 11 + 3 + 1, jumla 15, na 15/363 ni 5/121. Sehemu tatu ndogo, nzuri, ambazo pupa haikuziona kwa sababu 1/33 haikuwa kubwa ya kutosha kuvutia macho yake.

Njia inaweza kuwa sahihi, inaweza kuwa na hatua chache, na bado ikawa ghali kupita kiasi kwa sababu namba zenyewe zimevimba. Hapo ndipo tunalazimika kuzungumza kuhusu ukuaji.

Alama ya O kubwa, tunayopimia ukuaji, ilianzishwa na Paul Bachmann mwaka 1894, Edmund Landau akaieneza, na mwaka 1976 Donald Knuth akawahimiza watu wa sayansi ya kompyuta waitumie sawasawa pamoja na alama wenza wake, omega na theta. Maana yake ni hii. Tunasema f(n) ni O ya g(n) ikiwa zipo namba mbili zisizobadilika, C na k, ambazo zinafanya f(n) isizidi C mara g(n) kwa kila n iliyozidi k. Mimi huziita C na k mashahidi. Ukidai kitu mbele ya hakimu, lete mashahidi. Kwa 3n² + 10n, dai ni kwamba ni O ya n². Mashahidi: C ni 4, k ni 10. Kwa nini? Kwa sababu n ikiwa 10 au zaidi, 10n haizidi n², hivyo yote kwa pamoja haizidi 4n². Mstari mmoja, kazi imekwisha. Ninaposahihisha madaftari, hapa ndipo alama nyingi zinapopotea: mwanafunzi anaandika "n² ndiyo kubwa, kwa hiyo ni O ya n²", hana shahidi hata mmoja.

Kuna jozi ya mazoezi ambayo kila mwanafunzi aifanye siku moja, moja baada ya lingine. La kwanza: je, 2ⁿ⁺¹ ni O ya 2ⁿ? Ndiyo, shahidi C ni 2, kwa maana 2ⁿ⁺¹ ni 2ⁿ mara mbili tu. La pili: je, 2²ⁿ ni O ya 2ⁿ? Wengi husema ndiyo kwa kuongozwa na la kwanza. Lakini gawanya moja kwa nyingine, unabaki na 2ⁿ, na hiyo itaipita C yoyote utakayoitaja. Kuongeza 1 kwenye kipeo na kukirudufisha kipeo ni mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi.

Na tafadhali, msiamini grafu peke yake. Linganisheni n¹⁰⁰ na 1.01ⁿ. Nadharia inasema ya pili itaishinda ya kwanza, kwa sababu kila kipeo chenye kitako (namba inayopandishwa) kinachozidi 1 mwishowe huishinda n iliyopandishwa kwa kipeo kisichobadilika. Lakini n ikiwa 100, n¹⁰⁰ ina tarakimu 201, na 1.01ⁿ ni kama 2.7. Ukichora grafu hapo utaapa kwamba nadharia ni uongo. Nendeni mbele. n ikiwa 117,000, n¹⁰⁰ bado iko mbele. n ikiwa 118,000, imeshapitwa, na kuanzia hapo haitarudi mbele tena. Anayetaka kuhakiki achukue logi za pande zote mbili: alinganishe 100 mara logi ya n na n mara logi ya 1.01. Kikokotoo cha kawaida kinatosha. Zoezi hili linafundisha kwamba O kubwa inasema kweli kuhusu mbali, na inanyamaza kuhusu karibu. Mtengenezaji wa programu anatakiwa ajue data yake iko upande gani wa 118,000.

Sasa moduli. Carl Friedrich Gauss alikuwa na miaka 24 alipochapisha mwaka 1801 kazi iliyotupa alama ya mistari mitatu, ≡. Tunaandika a ≡ b (mod m) tukimaanisha m inaigawanya tofauti ya a na b bila baki. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha kunakwenda kama kawaida, na ukawaida huo ndio unaowalaza watu.

Mtego wa kwanza ni kufuta. 6 × 4 na 6 × 9 ni 24 na 54. Zote zinaacha 4 zikigawanywa kwa 10. Ukifuta 6 pande zote mbili utadai kwamba 4 ≡ 9 (mod 10), na hilo si kweli. Kigawo kikubwa cha shirika cha 6 na 10 ni 2, kwa hiyo ukifuta 6 lazima na moduli igawanywe kwa 2: 4 ≡ 9 (mod 5), na hilo ni kweli. Mtego wa pili ni kwenye kipeo. Kwa moduli ya 3, 5 na 2 ni sawa, lakini 2⁵ inaacha 2 wakati 2² inaacha 1. Kitako unaweza kukipunguza kwa moduli, kipeo huwezi kwa sheria hiyohiyo.

Haya, tumalizie kazi ya mikono kwa zoezi hili: 2⁹⁰ ukiigawanya kwa 91, baki ni nini? Anayezidisha 2 kwa 2 kwa 2 ana kazi ya kuzidisha mara 89. Sisi tunakiandika kipeo kwa pupa: chukua kipeo kikubwa cha 2 kisichozidi 90, ni 64, inabaki 26, chukua 16, inabaki 10, chukua 8, inabaki 2. Kwa hiyo 90 = 64 + 16 + 8 + 2. Pupa hapa ni salama, na sababu inaandikika kwa mstari mmoja: ukiikataa 64, zilizo chini yake zote, yaani 32, 16, 8, 4, 2 na 1, kila moja ikitumika mara moja tu, jumla yake ni 63, haifiki 90. Hoja hiyohiyo inalinda kila hatua inayofuata.

Sasa tunazidisha namba kwa yenyewe, tukipunguza kwa 91 kila hatua. 2² ni 4. 2⁴ ni 16. 2⁸ ni 256, toa 182, inabaki 74. 2¹⁶ ni 74 × 74, yaani 5,476. 91 × 60 ni 5,460, inabaki 16. Mmeiona 16 imerudi? Basi 2³² ni 74 tena, na 2⁶⁴ ni 16 tena. Tunakusanya: 16 × 16 ni 256, inaacha 74. 74 × 74 inaacha 16. 16 × 4 ni 64. Baki ni 64. Tumezidisha mara sita kupanda na mara tatu kukusanya: tisa badala ya 89. Kipeo kikiwa na tarakimu 100, njia ya kwanza haitaisha kabla ya jua kuzimika, na ya pili inahitaji mara mia kadhaa tu. Hiyo ndiyo tofauti ya kukua kama n na kukua kama logi ya n.

Lakini 64 hiyo inatuambia nini? Pierre de Fermat alieleza katika barua ya mwaka 1640, na Leonhard Euler akawasilisha uthibitisho mwaka 1736, kwamba p ikiwa namba tasa na a isigawanyike kwa p, basi aᵖ⁻¹ inaacha 1. Kama 91 ingekuwa tasa, tungepata 1. Tumepata 64. Kwa hiyo 91 si tasa. Tumelijua hilo bila kuonyesha kigawo hata kimoja, na hili hunisisimua kila ninapolifundisha. Vigawo vyake ni 7 na 13, lakini hatukuvihitaji.

Sasa jaribuni kwa kitako cha 3. 3⁶ ni 729, na 91 × 8 ni 728, inabaki 1. Kwa kuwa 90 ni 6 × 15, basi 3⁹⁰ nayo inaacha 1. Kumbe 91 imepita mtihani kwa 3! Aliyejaribu 3 peke yake angesema ni tasa. Zipo hata namba zinazopita kwa kila kitako kisichoshirikiana nazo kigawo: 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, ndiyo ndogo kuliko zote, na Robert Carmichael aliionyesha mwaka 1910. Kupita mtihani mara nyingi bado hakujawa uthibitisho. Ni hadithi ileile ya sarafu.

Njia ya uhakika, ya kugawanya kwa kila namba hadi kipeuo cha pili, ipo tangu zamani. Lakini kwa namba ya tarakimu 100 hiyo ni kama hatua 10⁵⁰. Ukubwa wa swali hapa unapimwa kwa idadi ya tarakimu zake, na wanafunzi wengi wanaoandika "ni hatua kipeuo cha n, kwa hiyo ni haraka" wanasahau jambo hilo. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wakiwa Kanpur nchini India, walitoa njia ya uhakika kamili ambayo hatua zake hazizidi polinomia ya idadi ya tarakimu, yaani hukua kama idadi hiyo iliyopandishwa kwa kipeo kisichobadilika. Kayal na Saxena walikuwa wametoka tu kumaliza shahada ya kwanza. Ninyi mlioketi nyuma, hao walikuwa rika lenu. Na ukifungua uthibitisho wao utakuta hesabu za moduli na hesabu za ukuaji, mazoezi yale yale, yakiwa yamepelekwa mbali.

Nawaachia zoezi moja la kwenda nalo. Rudini kwenye sehemu, lakini sasa asili iwe witiri na kila sehemu tunayoitoa iwe na asili witiri pia. Pupa inasema chukua asili witiri ndogo kuliko zote inayoingia. Kwa 2/7 inachukua 1/5, inabaki 3/35. Inachukua 1/13, inabaki 4/455. Inachukua 1/115, inabaki 5/52,325, ambayo ni 1/10,465. Imekoma. Lakini kitazameni kiasi: 2, 3, 4, 5. Kilikuwa kinapanda. Ule uthibitisho wetu wa kushuka umevunjika kabisa, na kilichotuokoa mwishoni ni kwamba 5 ilifutika.

Je, njia hii hukoma kwa kila sehemu yenye asili witiri? Hakuna aliyewahi kuonyesha sehemu isiyokoma, na hakuna aliyethibitisha kwamba zote hukoma. Anzeni na 2/11. Itawapa 1/7, halafu 1/27, halafu 1/521, na kiasi kitapanda hadi 5. Hatua inayofuata itawapa 1/216,633, na kiasi cha 6 ambacho kinagawanyika kwa 3 pamoja na asili yake, mbaki na 2 juu ya namba witiri kubwa sana. Kuanzia hapo endeleeni ninyi.